Kugeuzwa si Mabadiliko ya Jeni: Uhakiki wa Istilahi ya Nyukleosidi za RNA

Makala haya yanahakiki istilahi moja: "nyukleosidi zilizobadilishwa". Ndiyo tafsiri inayomjia mtafsiri kwanza, lakini ina kasoro yenye madhara. Katika Kiswahili, "mabadiliko" tayari yanabeba dhana ya mabadiliko ya jeni, yaani yale yanayotokea katika DNA na kuweza kurithiwa. Msomaji wa Rubavu au Goma anayeelezwa kuwa chanjo ina "nyukleosidi zilizobadilishwa" ana haki ya kuuliza: je, nami nitabadilishwa?

Kemia inajibu vinginevyo. RNA hamishi, inayobeba asidi amino hadi kwenye ribosomu, huundwa kwanza kwa nyukleosidi nne za kawaida. Kisha vimeng'enya vya seli hugeuza baadhi yake. DNA haiguswi. Mfano ni sudouridini, iliyogunduliwa mwaka 1951: ina atomu zile zile za uridini, ila besi yake imegeuzwa na kushikamana na sukari kwa kaboni badala ya nitrojeni. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha kuwa RNA yenye nyukleosidi za namna hii haiamshi kinga ya mwili kwa ukali. Ugunduzi huo, uliofungua njia ya chanjo za UVIKO-19 za RNA mjumbe, uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Kwa hiyo "zilizoongezewa" haifai, kwa kuwa sudouridini haikuongezewa kitu. "Rekebishi" nayo inapotosha: kiambishi -i, kama katika "hamishi" yenyewe, humwelekea mtenda, si mtendwa, tena kurekebisha hudokeza kosa. Ninapendekeza "nyukleosidi geuzwa", kwa kigezo cha "lugha lengwa", na "mabadiliko" yaachiwe jeni. Faida yake ni kwamba kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda atajwe: kimeng'enya ndani ya seli, au mkemia maabarani.

Suala hili halihusu kamusi pekee. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na Desemba 2023 kampuni ya BioNTech ilizindua eneo la kiwanda chake cha RNA mjumbe jijini Kigali. Washauri wa sera waandae istilahi kabla ya tangazo la kwanza. Uvumi ukishavuka mpaka, tafsiri sahihi hubaki kuufuata nyuma.