Mama Asiyeamka: Misingi ya Mvuto wa Familia ya Moomin

Familia ya Moomin, iliyobuniwa na Tove Jansson (1914–2001), mwandishi na mchoraji wa Finland aliyeandika kwa Kiswidi, kwa kawaida husifiwa kwa utulivu wake. Viumbe hawa wanene, wenye sura inayokaribia ya kiboko, huishi bondeni katika nyumba ambamo kila mgeni hupewa kitanda na chakula bila kuhojiwa. Katuni zilizoanza kuchapishwa mwaka 1954 katika gazeti la Evening News la London ziliieneza taswira hiyo duniani. Taswira hiyo si ya uongo, lakini haitoshi kueleza mvuto wa familia hii. Makala haya yanadai kwamba mvuto huo unadumu kwa sababu Jansson anauonyesha usalama wa nyumbani kuwa kazi ya mtu, nayo ni kazi inayoweza kukoma.

Katika vitabu vya awali hatari hutoka nje. Kitabu cha kwanza (1945), ambacho Jansson alianza kukiandika wakati wa vita mwaka 1939, kinawafuata mama na mwana wanaomtafuta baba aliyepotea. Katika kitabu cha pili (1946) nyotamkia inaitishia dunia. *Trollvinter* (1957) inabadili mkondo huo. Moomintroll anaamka peke yake katikati ya usingizi ambao familia yake hulala majira yote ya baridi. Anamwita mama yake, naye haamki. Hakuna aliyekosea. Mama yupo karibu naye, ila hawezi kumsaidia, na mtoto analazimika kuujifunza ulimwengu wa theluji kwa msaada wa Too-Ticky, ambaye hajifanyi mama yake.

*Pappan och havet* (1965), yaani Baba na Bahari, inalisogeza tatizo hilo hadi kwa mama mwenyewe. Baba, anayejiona hahitajiki tena, anaihamishia familia kwenye kisiwa chenye mnara wa taa. Mama anaikumbuka bustani yake, anaichora ukutani, kisha anaingia ndani ya mchoro na kujificha humo. Yeye ambaye wengine walimfanya kimbilio anaonekana kuwa naye anahitaji kimbilio.

Hoja hii inakamilika katika *Sent i november* (1970), kitabu cha mwisho. Wageni wanafika bondeni na kuikuta nyumba tupu. Miongoni mwao ni Toft, kiumbe mdogo aliyejijengea fikrani mama asiyekasirika wala kuhuzunika. Baadaye anafika kwenye msitu ulio nyuma ya nyumba, ambako wanafamilia huenda wanapokuwa na hasira, na mama huyo wa kufikirika anafifia. Hapo ndipo Toft anapokuwa tayari kumlaki mama halisi. Msomaji anayeipenda familia hii kwa ukamilifu wake anasahihishwa na kitabu chenyewe.

Inaweza kupingwa kwamba vitabu vya mwisho si vya watoto tena. Pingamizi hilo linachukulia kwamba mtoto hajui uchovu wa mzazi, ilhali mtoto ndiye anayeishi nao kila siku. Ngano zetu zinaujua uchungu huo, lakini mara nyingi huugawa: wema wote hupewa mama mzazi, mara nyingi marehemu, na ukatili wote hupewa mama wa kambo. Jansson anaziweka huruma na hasira ndani ya mama mmoja, tena aliye hai.

Suala hili linatuhusu sisi wahakiki wa fasihi ya watoto ya Kiswahili. Swali tunaloanza nalo mara nyingi ni hadithi inafunza nini. Kwa kipimo hicho, kurasa za mama aliyelala, mama aliyejificha na nyumba iliyo tupu zingeonekana kuwa na upungufu, kwani hazimalizikii kwenye funzo linalotajwa. Hata hivyo, kurasa hizo ndizo zinazomheshimu zaidi msomaji mdogo, kwa kuwa zinamwamini kuweza kumpenda mzazi ambaye si mkamilifu. Uhakiki wetu hauna budi kuuliza pia hadithi inamwamini mtoto kwa kiasi gani.