Saa Chache, Miezi Mingi: Sukari ya Protini Ndani ya Moyo Mgonjwa

Mwaka 2010 watafiti wa Louisville, Marekani, walikizima kimeng'enya kimoja ndani ya seli za misuli ya moyo wa panya, na panya waliokuwa wamepata shambulio la moyo wakadhoofika kuliko wenzao. Mwaka 2021 watafiti wa Johns Hopkins mjini Baltimore wakafanya kinyume: wakazalisha panya wenye kimeng'enya hichohicho kwa wingi moyoni. Mioyo ya panya hao ikatanuka, mapigo yakavurugika, wakafa mapema. Kazi inayojulikana ya kimeng'enya hicho ni kubandika kipande kidogo cha sukari juu ya protini zilizomo ndani ya seli. Kikipungua moyo unaumia, kikizidi moyo unaumia. Na katikati ya matokeo hayo mawili wapo watafiti wanaopendekeza sukari hiyo iongezwe makusudi kwa mgonjwa wa sepsisi ambaye moyo wake unaanza kushindwa. Pendekezo hilo nalichukulia kwa uzito mkubwa, ndiyo maana nataka kulifungua jaribio moja baada ya jingine na kuangalia lilivyofanywa.

Sukari yenyewe iligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Mwaka 1984 Carmen-Rosa Torres na Gerald Hart, wa Johns Hopkins, walitaka kuzijua sukari zilizo juu ya uso wa seli za kinga za panya. Walitumia kimeng'enya kinachopatikana katika maziwa ya ng'ombe. Kimeng'enya hicho kikikuta sukari iitwayo N-asetiliglukosamini imekaa wazi mwishoni, huiongezea galaktosi. Galaktosi waliyotumia ilikuwa na mionzi, kwa hiyo kila iliposhika ilijitambulisha. Kwenye seli nzima alama zilikuwa chache. Walipozipasua seli kwa sabuni ya maabara, alama zikaongezeka mno. Sukari nyingi ilikuwa ndani.

Vitabu vya wakati huo vilifundisha kwamba protini zinazovikwa sukari ni zile zinazopelekwa juu ya uso wa seli au kumwagwa nje yake. Torres na Hart wakaing'oa sukari hiyo kwa alkali, wakathibitisha kwamba imeshikana na oksijeni ya serini au threonini, tena imekaa mojamoja bila mnyororo. Wanakemia huiandika O-GlcNAc. Baadaye ikaonekana kwenye protini za kiini cha seli, kwenye zile zinazowasha na kuzima jeni, na kwenye protini zinazokaza msuli wa moyo. Leo orodha ya protini za binadamu zilizokutwa nayo inazidi 5,000.

Kwa nini haikuonekana mapema? Kwanza, ni ndogo, kama dalton 203 tu, na haina chaji ya umeme, kwa hiyo protini iliyoibeba husafiri kwenye jeli karibu sawa na isiyoibeba. Pili, ukipasua seli, vimeng'enya vilivyokuwa vimefungiwa humo huachiwa na kuanza kuibandua. Tatu, mashine ya kupima uzito wa molekuli, kwa njia yake ya kawaida ya kugonganisha protini na gesi, huing'oa sukari kabla ya kuonyesha ilikuwa imekaa wapi. Ilibidi kusubiri mbinu ya kuvunja protini kwa kuihamishia elektroni, iliyotangazwa mwaka 2004, ndipo sukari ikabaki mahali pake wakati uti wa protini unakatika. Msomaji wa makala za fani hii aangalie jambo hili kila mara. Makala nyingi za moyo zinategemea kingamwili inayoonyesha jumla ya sukari kwenye sampuli. Jumla ikipanda, hatujui imepanda kwenye protini ipi, wala kwenye serini ipi. Kwa ugonjwa ambao protini chache zinaweza kuamua kama moyo utapiga vizuri au la, jumla ni kipimo kisichotosha.

Kinachoifanya mada hii ivutie ni uchache wa vimeng'enya. Fosfeti, ambayo nayo hubandikwa kwenye serini na threonini, ina vimeng'enya zaidi ya 500 vya kuibandika katika mwili wa binadamu. Sukari hii ina kimoja cha kuibandika, OGT, ambacho jeni lake lilinakiliwa mwaka 1997, na kimoja cha kuibandua, OGA, kilichofuata mwaka 2001. Malighafi yake hutengenezwa kutokana na glukosi, asidi amino ya glutamini, asetili itokanayo na mafuta au sukari, na nyukleotidi. Kwa hiyo kiasi cha sukari iliyobandikwa hufuata hali ya chakula cha seli nzima. Anayegusa OGT au OGA anagusa maelfu ya protini kwa pamoja. Hapo ndipo penye nguvu ya tiba hii, na hatari yake iko papo hapo.

Dalili kwamba sukari hii huokoa ilikuja mwaka 2004, Natasha Zachara akiwa na Hart na wenzao. Walizitesa seli kwa joto, chumvi na sumu, na kila mara sukari ikapanda upesi. Walipoizuia isipande, seli nyingi zaidi zikafa. Huko Birmingham, Alabama, John Chatham na Richard Marchase wakalipeleka wazo hilo kwa mnyama mzima. Walitumia panya waliojeruhiwa na kupoteza damu nyingi, wakawarudishia maji mwilini. Waliopewa glukosamini pamoja na maji hayo, viungo vyao vilifanya kazi vizuri zaidi. Naipenda kazi hiyo kwa sababu moja: tiba ilikuja baada ya jeraha, kama inavyokuja hospitalini. Majaribio mengi ya kukinga moyo humpa mnyama dawa kabla ya kumuumiza, na hakuna mgonjwa wa dharura anayewahi kupata nafasi hiyo.

Glukosamini hata hivyo huingia kwenye njia nyingi za kemia ya mwili. Njia safi zaidi ni kukizuia OGA ili sukari iliyokwisha kubandikwa isibanduliwe. Dawa ya kwanza iliyotumika sana, PUGNAc, iliizuia OGA kweli, lakini ilizuia pia vimeng'enya vya lisosomu ambavyo vikikosekana kwa kurithi husababisha ugonjwa wa Tay-Sachs na ule wa Sandhoff. Matokeo ya PUGNAc peke yake, kwa hiyo, nayasoma kwa tahadhari. Maabara ya David Vocadlo, Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 2008 ilitangaza Thiamet-G, inayoishika OGA makumi ya maelfu ya mara zaidi ya inavyovishika vimeng'enya hivyo vingine.

Sasa tuingie kwenye sepsisi, hali ambayo mwili, ukipambana na maambukizi, unaharibu viungo vyake wenyewe. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalihesabu wagonjwa milioni 48.9 duniani mwaka 2017, na vifo milioni 11, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo. Tiba ya mshtuko wa sepsisi kwa kawaida ni antibiotiki, maji ya dripu, na dawa za kubana mishipa ili shinikizo la damu lisishuke. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kutafuta zaidi ya hapo. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, liliwahusu watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Kati ya waliomiminiwa maji kwa haraka, karibu asilimia 10.5 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Wengi wa watoto hao walikuwa na malaria, kwa hiyo si kipimo cha sepsisi tupu. Lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na kuporomoka kwa moyo na mishipa kuliko maji kujaa mapafuni. Panapokuwa na uchache wa mashine za kupumulia na vitanda vya wagonjwa mahututi, dawa ya kuusaidia moyo wenyewe ustahimili saa za kwanza ingekuwa jambo kubwa.

Kundi la Nantes, Ufaransa, limelishika swali hilohilo. Katika kazi yao ya mwaka 2019, panya walidungwa sumu ya ukuta wa bakteria. Baada ya saa moja baadhi wakapewa maji peke yake, na wengine maji pamoja na dawa ya kuzuia OGA. Kundi la pili lilikuwa na moyo na mishipa inayofanya kazi vizuri zaidi, na likaishi zaidi. Baadaye wakarudia kwa panya wachanga, jambo la busara, kwa kuwa moyo mchanga huendeshwa kwa nishati tofauti na moyo wa mtu mzima.

Kuna mapengo mawili katika muundo huo. Kwanza, sumu ya bakteria si bakteria: haizaliani, haihitaji antibiotiki, na huwasha uvimbe wote kwa mkupuo mmoja. Mgonjwa halisi hufika hospitalini siku kadhaa baada ya maambukizi kuanza. Pili, dawa huenda mwili mzima. Mwaka 2019 kundi jingine lilionyesha kwamba OGT ndani ya seli za kinga ziitwazo makrofaji hubandika sukari kwenye protini RIPK3 na hivyo hupunguza uvimbe na kifo cha seli. Panya waliokosa OGT kwenye seli hizo waliathirika zaidi na sumu ileile ya bakteria. Basi huenda moyo wa panya wa Nantes ulipona kwa sababu uvimbe mwilini ulitulia, na dawa haikufanya kazi kubwa ndani ya moyo wenyewe. Kulitenganisha hilo kunahitaji panya ambao OGA imezimwa kwenye misuli ya moyo tu.

Upande wa madhara nao una jaribio ninaloliona bora kuliko yote katika fani hii. Ilikwisha kujulikana tangu 2013 kwamba glukosi nyingi ya kisukari huongeza sukari kwenye CaMKII, protini inayosimamia kalisi ya moyo, na kuleta mapigo yasiyo na mpangilio. Kundi la Johns Hopkins la mwaka 2021 lilitaka kujua kama sukari nyingi peke yake, bila kisukari, inatosha kuua moyo. Panya wa OGT nyingi walikufa. Lakini OGT ina kazi nyingine zaidi ya kubandika sukari, kwa mfano huikata protini moja ya kiini cha seli. Je, kosa lilikuwa la sukari au la kimeng'enya? Wakawapandisha panya hao na wengine wenye OGA nyingi moyoni. Watoto waliozaliwa walikuwa na OGT ileile iliyozidi, ila sukari ilibanduliwa. Wakapona, na mitokondria zao, ambazo kituo chao cha kwanza cha kupitishia elektroni kilikuwa kimelegea, zikarudi kazini. Jaribio la Louisville la 2010 halikuwa na kinga hiyo: kuizima OGT kunaondoa sukari na kimeng'enya kwa pamoja, kwa hiyo linaacha swali ambalo la Baltimore limelifunga.

Hata hivyo matokeo ya Nantes na ya Baltimore hayagombani. Panya wa Baltimore waliishi na sukari iliyozidi kwa miezi. Panya wa Nantes waliipata kwa saa. Ndiyo maana makala ya sepsisi isiyosema dawa ilitolewa lini, ilikaa kwa muda gani, na sukari ilirudi lini kwenye kiwango chake, naiona pungufu hata kama vifo vilipungua. Na panya wanaotumika ni wachanga au vijana wenye afya, ilhali mgonjwa wa wodini huenda ana kisukari na moyo uliokwisha kujaa sukari hii kwa miaka. Jaribio ninalolisubiri ni la panya wazee wenye kisukari, wa kike na wa kiume, wenye maambukizi hai na antibiotiki, wapewe dawa siku ya kwanza tu, kisha mioyo yao ipimwe baada ya miezi mitatu. Kwa binadamu kuna mahali pa kuanzia. Dawa za kuzuia OGA zimeshajaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, waliozimeza kwa muda mrefu. Kumbukumbu za mapigo ya moyo na picha za moyo za watu hao zinafaa kusomwa na madaktari wa moyo kwa swali hili mahususi, kabla ya mgonjwa wa kwanza wa sepsisi kudungwa.