Mustari wa majina: nani anahesabiwa kuwa muandishi?

Wandugu, wengi kati yetu tukifungua makala ya kisayansi tunaruka mustari wa majina, tunaenda moja kwa moja kwenye muhtasari. Leo ninaomba tubakie kwanza kwenye ule mustari. Ni pale njo kila hesabu inaanzia: mara ngapi mutu ametajwa na wengine, indeksi yake ni ngapi, anastahili burusi ao hapana. Wataalamu wa hesabu hizo wanabishana tangu miaka mingi juu ya namna ya kugawa pointi kati ya waandishi wa makala moja. Mabishano yao ni ya akili sana. Lakini wote wanakubali kitu kimoja bila kukiuliza: kwamba ule mustari unasema kweli.

Tuchukue mistari tatu ambayo siye Wakongomani tulipaswa kuijua kuliko mutu mwingine yeyote. Machi 1977, jarida la Uingereza The Lancet lilitoa makala tatu zinazofuatana juu ya virusi vipya vilivyotoka Zaire. Moja ilitoka kwenye labo ya Antwerp, Ubelgiji. Ingine Porton Down, Uingereza. Ya tatu Atlanta, Marekani, kwenye CDC. Hesabu majina: 5, tena 6, tena 4. Jumla 15. Hakuna Mukongomani hata mumoja. Kati ya wale 15 kuko Peter Piot, mutu ambaye kwa miaka mingi dunia ilimujua kama mugunduzi wa Ebola.

Na Yambuku je? Septemba 1976, aliyetumwa kutoka Kinshasa kwenda kuona ni ugonjwa gani unaua watu kule Equateur ni Jean-Jacques Muyembe, muganga wetu mwenye kusoma Lovanium, kiisha akafanya doktora ya virusi Leuven. Aligusa wagonjwa mikono mitupu, akatoa damu, akaona vile damu haiachi kutoka pale sindano ilipopita. Akarudi Kinshasa pamoja na sista mumoja mugonjwa, na sista yule akafia kule. Kutoka Kinshasa damu ikapanda ndege ndani ya termosi mpaka Antwerp. Yenye kufuata kule ndiyo iliandikwa, na yenye kuandikwa ndiyo ilihesabiwa.

Sisemi wale 15 waliiba kitu. Waliotesha virusi, wakavitazama chini ya mikroskopi, wakasaini kazi waliyoifanya. Kama ukisoma vichwa vya makala zao, mbili kati ya tatu zinazungumza juu ya kutenga virusi. Shida iko kwenye maana ya neno "kugundua". Kugundua kuliwekwa upande wa mikroskopi. Kwenda Yambuku kukawekwa upande wa usafirishaji, kama vile aliyebeba damu ni dereva. Mutu akikubali mgawanyo huo, mustari wa majina unakuwa sawa kabisa, hauna kosa hata moja. Mimi sikubali. Kujua ni mugonjwa gani atolewe damu, na kujua kwamba ile haifanani na malaria wala tifoide, ni sayansi.

Mwaka 1978 ripoti kubwa ya mlipuko ule ilitoka kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani: wagonjwa 318, waliokufa 280. Nani alisaini? Tume ya kimataifa. Kwa maneno mengine: ukitafuta pointi za mutu pale, hauzipati. Tume haiombi kupandishwa cheo.

Sasa tuje kwa wenye kuhesabu. Eugene Garfield, Mumarekani, alitoa wazo la indeksi ya marejeo mwaka 1955, na kufikia 1964 Science Citation Index yake ilikuwa inatoka kwenye vitabu vikubwa. Garfield alitaka chombo cha kutafutia: unashika makala ya zamani, unaona nani aliitaja nyuma, unafuata njia. Wazo zuri, na mpaka leo linatusaidia. Lakini kwenye vitabu vile, makala iliyotajwa iliwekwa chini ya jina la muandishi wa kwanza peke yake. Kiisha watu wakaanza kutumia chombo cha kutafutia kama mizani ya kupimia watu. Ukiwa jina la pili, ulikuwa na sifuri. Makala ya 1968 kwenye Nature iliyotangaza pulsa, zile nyota zinazotuma mapigo ya redio, ilikuwa na majina matano: Antony Hewish wa kwanza, Jocelyn Bell wa pili. Bell, akiwa mwanafunzi wa doktora, njo aliona alama ya kwanza kwenye karatasi za mashini. Ukifungua kitabu cha indeksi, makala ile iko chini ya Hewish. Zawadi ya Nobel ya 1974 walipewa Hewish na Martin Ryle. Sisemi indeksi njo ilisababisha ile. Ninasema tu zote mbili zilikuwa na mazoea mamoja: mukubwa anabeba jina la kazi.

Kompyuta zikaondoa shida ya nafasi kwenye karatasi, na sasa kila jina linaonekana. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, profesere wa fizikia kule California, akatoa indeksi ya h, ile tunayoombwa kwenye formulere za burusi. Ukiwa na makala 6 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 6, na hauna 7 zenye kutajwa mara 7, h yako ni 6. Rahisi, hata mutoto wa sekondari anaielewa. Lakini h haiulizi mulikuwa wangapi. Peke yako ao na watu elfu tano, ni sawa. Na elfu tano si mchezo wa maneno: mwaka 2015 timu mbili za CERN zilitoa makala juu ya uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Kurasa 33, na 24 kati yao ni majina na taasisi. Kila mumoja anabeba marejeo yote ya makala ile, kamili, kama aliandika peke yake.

Ndiyo maana wengine walisema: tugawe. Makala moja ina pointi moja. Mukiwa 5, kila mumoja 0.2. Leiden, kule Uholanzi, wanapanga vyuo vikuu kwa kugawa namna ile. Wengine wakaona kugawa sawasawa si haki kwa aliyefanya kazi kubwa, wakaleta kugawa kwa ngazi: wa kwanza 1, wa pili nusu, wa tatu theluthi, vile vile mpaka mwisho, kiisha unarekebisha jumla iwe 1. Kwa watu 5 wa kwanza anapata karibu asilimia 44, wa tano karibu 9.

Inapendeza kwenye ubao. Lakini weka hesabu ile juu ya kazi za kwetu. Kikwit 1995, Ebola inarudi. Waganga wa pale wanachukua damu ya waliopona wanawapatia wagonjwa 8, na 7 wanapona. Makala ilitoka 1999. Jina la kwanza ni Mupapa, la mwisho ni Muyembe. Kwenye tiba, jina la mwisho ni la mukubwa anayebeba kazi yote. Kwenye hesabu ya ngazi iliyoachwa vile ilivyo, ni la mutu aliyefanya kidogo zaidi. Desemba 2019, makala ya majaribio ya dawa kwa wagonjwa 681 huku kwetu mashariki: wa kwanza Sabue Mulangu, wa mwisho Muyembe. Mustari ule, Mukongomani anafungua na Mukongomani anafunga. Kutoka 1977 mpaka pale ni miaka 42, na mashini ya ngazi ingempatia mzee wetu chenji tu. Kwenye hesabu na uchumi ni vingine tena: mara nyingi majina yanapangwa kwa alfabeti, kwa hiyo kule mutu anaadhibiwa kwa kuitwa Zihindula.

Kuna kitu kingine ambacho ninaona wanahesabu hawakizungumzi vya kutosha. Kwa hesabu kamili, kuongeza jina haigharimu kitu. Mukubwa wa labo akiongeza jina la asistanti, pointi zake hazipungui hata chembe. Maana yake, pale jina la asistanti linapokosekana, si juu ya nafasi wala juu ya bei. Mutu aliamua. Lakini ukileta hesabu ya kugawa, ile inayoitwa ya haki, kila jina jipya linakula kwenye sahani ya wengine. Nani atafukuzwa kwanza mezani? Si profesere. Ni yule kijana aliyepanda moto siku mbili na fishie za maswali kwenye begi. Formula ya haki inaweza kumutoa inje kwa haraka kuliko ile mbaya. Ndiyo maana mimi siwekei tumaini langu lote kwenye formula: inafika wakati chakula kimeisha kugawanywa.

Mutu asifikiri ninashtaki Wazungu peke yao. Mwaka 2019 utafiti mumoja kwenye BMJ Global Health ulichambua zaidi ya makala 7,000 za afya zilizofanywa Afrika kwa ushirikiano, na zaidi ya 1 kati ya 10 haikuwa na muandishi hata mumoja wa inchi iliyochunguzwa. Hiyo ni aibu yao. Lakini na siye tuko na yetu. Memwari ya mwanafunzi inageuka makala, na direktere, ambaye pengine alisoma sura moja, anakuwa jina la kwanza. Mimi mwenyewe nilishakusanya majibu ya maswali kwenye zoni tatu za afya pamoja na wenzangu wanne. Makala ilipotoka, tulikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, kwa jina la jumla "wachunguzi". Shukrani hazina indeksi. Na ile cheo ya CT tunayoingojea inaombwa kwa makala zilizosainiwa, si kwa kilometa.

Na hata tukisaini, mashini zinatupoteza. Tangu 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya Kikristo, Mukongomani ana jina na postnom, na nyuma prenom ikarudi. Kwenye diploma tunaandika zote tatu. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye jina moja la familia haijui ishike lipi. Jean-Jacques Muyembe-Tamfum anaweza kuwekwa chini ya Muyembe, ao Muyembe-Tamfum, ao Tamfum, na makala za mutu mumoja zikagawanyika kama za watu watatu. Mutu mwenye makala 9 anaweza kuonekana watu watatu wenye 3-3. Tangu 2012 kuko namba ya ORCID, tarakimu 16, bila kulipa hata franga. Chukua yako leo, na chagua namna moja ya kuandika jina, usiibadilishe tena. Hiyo angalau iko mikononi mwetu.

Ingine iko mikononi mwetu nusu tu. Majarida mengi ya tiba yanafuata masharti manne ya ICMJE: kushiriki kwenye wazo ao kwenye kupata ao kuchambua data, kuandika ao kusahihisha maandiko, kukubali toleo la mwisho, na kubeba jukumu la kazi. Lazima yote manne. Bakubwa wanapenda kutuonyesha sharti la pili: "Wewe ulikusanya data, lakini hukuandika." Kumbe ICMJE wenyewe wanasema masharti yale yasitumiwe kumunyima mutu uandishi kwa kumufungia mlango wa kuandika: mwenye kutimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye kusahihisha na kukubali. Kukusanya data kunahesabika kwenye lile la kwanza. Wachache wanajua sentensi ile, na sishangai, juu haipendezi kila mutu tuijue.

Kwa hiyo, ndugu asistanti, dada unayeanza master: mbele ya kupanda moto, omba karatasi moja yenye kusema nani atasaini, kwa ngazi gani, na nani atapelekewa toleo la kwanza asome. Andika kwa imeli, siyo kwa mudomo, ili tarehe ibakie. Ukiogopa kuomba peke yako, ombeni wote watano. Ni vigumu kufukuza timu nzima wakati fishie ziko bado kwenu. Tena toleo likifika, lisome kweli, rudisha masahihisho hata kama Kingereza chako kinachechemea, ata kwa Kifaransa. Ile imeli yako ya masahihisho njo sharti la pili.