Ustadi wa Kufuata Maji

Kuendesha baiskeli kwenye njia ya changarawe kando ya mfereji ni ustadi kamili, wenye kanuni zake na mafundi wake. Wengi wetu tumekua tukiiona baiskeli kama chombo cha kubebea madumu ya maji, majani ya ng'ombe na magunia ya mahindi, tukasahau kwamba mwendo wenyewe una elimu ndani yake. Elimu hiyo haionekani wazi popote kama inavyoonekana tambarare, mahali ambapo hakuna kilima cha kumpa mpandaji sifa wala mteremko wa kumbeba.

Chukua nyanda za kusini mwa mji wa Moshi. Unatoka mjini, unapita Msitu wa Rau, ambamo bado umesimama msoo, mti adimu sana duniani. Kisha kivuli kinakatika ghafla na majaruba ya mpunga yanafunguka mbele yako: Mandaka, Chekereni, Mabogini. Hii ni skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa ushirikiano na Japani na kukamilika mwaka 1987, ikinyweshwa na maji ya Njoro na Rau. Ukizidi kushuka unafika kwenye mashamba ya miwa ya TPC. Mbele zaidi mito ya Kikuletwa na Ruvu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji huwa mto Pangani, yakashika safari ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi. Nyuma ya mgongo wako, asubuhi isiyo na mawingu, Kibo kinasimama kwa mita 5,895. Maji unayoyafuata yameanzia huko juu.

Mfereji wa udongo una masharti magumu. Ukiuchimba kwa mwinamo mkali, maji yataenda mbio na kula kingo. Ukiulaza mno, yatazubaa na kuacha tope mpaka mfereji uzibe. Mchimbaji hana budi kutafuta mwinamo wa kati, mdogo kiasi kwamba jicho halioni, kisha auzungushe kulingana na umbo la ardhi. Njia iliyo juu ya tuta huurithi mwinamo huohuo. Ndiyo maana mpandaji wa hapa hana mlima wa kusingizia. Miguu huzunguka kwa mwendo mmoja saa nzima, na akili, ikiisha kuepushwa na taabu ya kupanda, hubaki na kazi moja tu ya kuisoma ardhi.

Kazi hiyo huanza kabla hujapanda, kwenye pampu. Tairi jembamba la lami hujazwa upepo mpaka likawa gumu, lakini ugumu huo kwenye changarawe ni hasara. Kila kokoto hulirusha gurudumu juu, na kila mruko hula sehemu ya mwendo ulioupata kwa jasho. Tairi pana, la milimita 40 au zaidi, likijazwa wastani, hubonyea juu ya kokoto na kuendelea mbele. Likilegea mno, rimu hugonga jiwe na kuibana tyubu ikatoboka matundu mawili kwa mpigo mmoja. Baina ya kasoro hizo mbili kuna kipimo cha haki, na hakifanani kwa watu wawili, kwani hutegemea uzito wa mtu, mzigo wake na hali ya njia siku hiyo. Mzoefu hukipata kwa kidole gumba. Hulibonyeza tairi la nyuma, halafu la mbele, akatoa upepo kidogo, akabonyeza tena. Mwisho hulizungusha gurudumu polepole, jicho likitafuta mbigili, ile miiba midogo ya kingo za mashamba ambayo huingia kimya na kukuachia pancha kilomita tano baadaye.

Ukishapanda, rangi ya udongo ndiyo mwalimu wako. Changarawe nyekundu iliyoshindiliwa hubeba vizuri. Udongo wa kijivu wenye ukungu mweupe wa chumvi juu yake huonekana imara, kumbe chini ni vumbi laini linalomeza gurudumu. Udongo mweusi wa mfinyanzi una tabia mbili. Kiangazi hukauka na kupasuka, na ufa ukilala sambamba na njia yako unaweza kulinasa tairi la mbele. Masika hugeuka ulimbo. Hunata kwenye tairi, hukusanya majani na vijiti, hujaza nafasi kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu likagoma kabisa kuzunguka. Hapo nguvu za miguu hazina msaada. Aliyeiva hushuka mapema, kabla udongo haujamshika, akaitia baiskeli begani na kutembea juu ya majani ya ukingoni hadi penye nchi kavu. Kujua pa kushuka ni sehemu ya kujua kuendesha.

Mikono nayo ina adabu yake. Mgeni wa changarawe huukaba usukani, na kadiri anavyoukaba ndivyo mtikisiko unavyompanda hadi mabegani. Mwenye ustadi huushika kwa vidole vilivyolegea, viwiko vimekunjwa kidogo, akaiacha baiskeli icheze chini yake huku kifua chake kimetulia. Kwenye mchanga hupeleka uzito nyuma, hachezeshi usukani, hakati mwendo wa pedali. Macho yake hayakai kwenye tairi. Yako mbali, pale atakapofika baada ya pumzi chache, kwa sababu shimo lililo chini ya gurudumu limekwisha kupita uwezo wa kukwepwa.

Juu ya tuta la mfereji, adabu hiyo huwahusu pia watu. Tuta ni kazi ya mkulima. Amelichimbua, amelishindilia, na kila msimu hulitengeneza. Ukikutana na mzee aliyebeba jembe au mgawa maji anayekwenda kufungua lango, wewe uliye juu ya magurudumu ndiwe wa kupisha. Unapunguza mwendo ukiwa mbali, unashusha mguu, unasema shikamoo, unangoja apite. Breki hazikazwi ghafla penye ukingo laini, maana mfuo mmoja wa tairi huwa njia ya maji kuvujia, na shamba la mtu likakosa zamu yake. Anayepita kwa mbwembwe bila kujali haya bado hajajifunza, hata akiwa na miguu ya chuma.

Duniani mchezo huu sasa una hadhi. Mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za changarawe kwenye nyanda za Veneto, Italia, kutoka Vicenza hadi Cittadella. Gianni Vermeersch wa Ubelgiji alishinda kwa wanaume, na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa kwa wanawake. Kwetu Afrika Mashariki, mbio za Migration Gravel Race zilianza Maasai Mara mwaka 2021. Nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, Sule Kangangi wa Kenya, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, alijitolea kwa dhati ili vijana wa ukanda huu wapate nafasi ya kushindana na walio bora duniani. Kazi yake inastahili kuendelezwa, na nyanda zetu ni chuo kilicho wazi kila siku.

Walimu wa chuo hicho wapo tayari. Mtazame kijana wa Chekereni akitoka shambani na baiskeli ya Phoenix, gunia la mpunga limelala kwenye keria. Kabla ya sehemu yenye utelezi hushuka bila kusimama. Mkono mmoja huwa kwenye usukani, mwingine nyuma ya tandiko, na baiskeli ameiegemeza kiunoni kwake ili mzigo usivute upande wa maji. Hatua zake ni fupi na macho yako mbele. Akivuka hurusha mguu na kuendelea, bila gunia kutikisika. Hana kofia ya mchezo wala gia, lakini kila kanuni niliyoitaja hapa ameishika mwilini.

Ustadi huo una ukoo mrefu. Muda mrefu kabla ya skimu ya Lower Moshi, Wachagga walichonga mifongo, yaani mifereji ya maji, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakayapitisha maji kwenye kingo za makorongo hadi migombani, wakipima mwinamo kwa jicho na kwa maji yenyewe. Waliyatafutia maji mkondo yanaoukubali. Mpandaji mzuri wa changarawe hutenda vivyo hivyo: huiuliza ardhi inaruhusu nini, kisha hufika anakokwenda kwa njia iliyoruhusiwa. Vijana wetu wanaojifunza baiskeli na wafundishwe hivyo tangu mwanzo, kusoma ardhi kwanza na kasi baadaye, na wapelekwe kwa wale wanaobeba mpunga juu ya matuta wakajifunze kwao. Tukifanya hivyo hatutakuwa tumeazima mchezo wa wengine. Tutakuwa tumeupa heshima ustadi ambao tayari ni wetu.