Mlango wa Vipande Vinne

Asubuhi, kabla jua halijateremka vichochoroni, napenda kupita Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, nitazame maduka yanavyofunguliwa. Mwenye duka huvuta komeo na kusukuma kipande cha kwanza. Kipande cha pili hukifuata na kulala juu yake, na upana wote wa duka hukunjika pembeni kama kodiani ya taarab. Wageni huipiga picha milango mikubwa ya nakshi na njumu za shaba. Hii ya kukunja, yenye miraba midogo, mtindo uliokuja na wafanyabiashara wa Gujarat, hupitwa kimya. Nayo ndiyo inayofanya kazi kutwa.

Nilipojenga baraza la kioo nyuma ya nyumba yetu Fuoni, upande unaoelekea bustani, nilitaka mlango wa namna hiyo. Ya alumini nilikwenda kuiona, na ni mizuri. Lakini moyo ulikuwa Mkunazini, basi nikaenda kwa fundi seremala mmoja Jang'ombe, mzee ambaye penseli haimtoki sikioni.

Hakuuliza nataka nakshi gani. Alikuja kupima. Uwazi wa mlango aliupima mara tatu, juu, kati na chini, kisha akapima pembe kwa pembe, maana ukuta unaweza kuonekana umenyooka na kumbe umelala. Akaning'iniza timazi na kungoja mpaka uzi ulipoacha kucheza. Upana ulikuwa milimita 2,400. Vipande vinne vina nafasi tano: mbili kwenye miimo, mbili kwenye bawaba za katikati, na moja pale pande mbili zinapokutana. Akatoa milimita tatu kwa kila nafasi, akagawa kwa nne, akaandika ubaoni 596. "Hapa kosa halikai peke yake," alisema. "Ukikosea unywele kipande cha kwanza, cha nne utakikosa kwa kidole."

Tulichagua msaji wa Tanga. Mchwa hawaupendi, na hautanuki sana mvua zikija. Aligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akautazama kwa ncha kama mtu anayelenga, na ule uliopinda akaurudisha bila maneno. Zilizobaki alizipanga na vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, akaziacha wiki tatu. Kila nilipopita nilimkuta na kazi nyingine. Mbao zangu zilikuwa zinapumua.

Kisha ikaja randa. Alianza upande mmoja tu wa kila ubao, akaunyoosha mpaka maranda yakatoka marefu na mepesi, yakijikunja miguuni pake. Upande huo ndio uliokuwa hakimu wa pande nyingine zote. Matundu aliyachimba kwa patasi nusu kutoka huku na nusu kutoka kule, yakutane katikati, ili ubao usipasuke upande wa pili. Ndimi alizikata kwa msumeno nje kidogo ya mstari, akamalizia kwa patasi. Ulimi uliingia tunduni kwa kusukumwa na kiganja na ukagoma kutoka. Alitia gundi kwenye ndimi peke yake. Mbao za kati, zile za miraba, alizichomeka ndani ya mifuo yake bila gundi wala msumari, kwa sababu ubao hutanuka kwa upana wakati wa masika, na ukifungwa hupasuka.

Bawaba zilikuwa 12, za shaba, kwa kuwa chuma hapa kwetu huliwa na hewa ya chumvi. Kila moja alitaka ikae sawa na uso wa mbao. Aliiweka, akachora ukingo wake kwa ncha ya kisu, akachonga, akaijaribu, akatoa vumbi kama la unga, akaijaribu tena. Za kwenye mwimo kifundo chake kilikaa ndani, zinazounganisha kipande na kipande kikakaa nje. Ukikosea mpangilio huo, mlango haukunjiki. Nilimwomba mfaa, ile fito ya kufunika nafasi ya katikati, uonekane kwa nje, kama kwenye milango ya kale. Hakubishana nami. Alisimamisha vipande viwili, akashikilia fito nje, akavikunja taratibu, nami nikaona mwenyewe fito ikivizuia visilaliane. Mfaa ukaenda ndani.

Siku ya kuutundika, mwishoni mwa kaskazi, alitoa sarafu mfukoni na kuipitisha katika kila nafasi, kutoka juu mpaka sakafuni. Ilipokwama, alikishusha kipande kizima, akakipitishia randa mara moja, akakirudisha. Alifanya hivyo mara nne kwa kipande kimoja, na ya nne aliifanya polepole kama ya kwanza. Jua lilipokaribia kuzama aliusukuma mlango kwa kidole kimoja. Upande mmoja ukalala, wa pili ukafuata, na harufu ya bustani ikaingia ndani.

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yameloweka kila kitu, alibisha hodi bila kuitwa. Alikuwa na randa chini ya kwapa, imefungwa kwenye kanga kuukuu. Akatoa sarafu, akaipitisha nafasi zote tano, polepole, akiinama mpaka chini. Haikukwama popote. Akairudisha mfukoni, akanywa chai aliyopewa, akaondoka na randa yake bila kuifungua.