Baraza Lenye Mwenyewe

Msomaji, kama umepata kusimama Busia upande wa Kenya, umeona jinsi mji mmoja ulivyokatwa na mpaka wa nchi mbili. Ndugu wako huku na huko, na shilingi za namna mbili hubadilishwa barabarani. Malaba nako madereva wa malori hungoja zamu yao, macho yamo simuni. Wapo wasemao kwamba intaneti imeufuta mpaka huo, na kwamba kila mtu sasa ni mwenye gazeti lake. Neno hilo ni tamu, lakini halikupimwa.

Lipime kwa mambo ya Januari 2021, Uganda ilipoelekea uchaguzi. Tarehe 11 kampuni ya Facebook, yenye makao California, ilitangaza kuwa imefuta akaunti zilizohusiana na kituo kimoja cha wizara ya mawasiliano ya Uganda. Ilisema zilikuwamo za bandia, zilizotumiwa kuyafanya maoni fulani yaonekane yanapendwa kuliko yalivyopendwa. Kesho yake Rais Museveni akatangaza kuifunga Facebook. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, na tarehe 14 watu wakapiga kura. Ilirudi tarehe 18, lakini Facebook haikurudi nayo.

Ihesabu mikono iliyotenda hayo: ni miwili tu. Simtetei hata mmoja. Akaunti za bandia ni udanganyifu, na kuwazimia watu habari siku ya kura ni dhuluma. Lakini nani alimwuliza mchuuzi wa Busia? Aliyekuwa karibu na mpaka na laini ya Kenya aliweza kupata habari, maana mawimbi hayasimami forodhani. Jirani yake mwenye laini ya Uganda alikaa gizani.

Kuzima huonekana na kila mtu. Lipo jambo lililo kimya zaidi. Kampuni hiyo hiyo ilinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Ni milango mitatu, mwenye nyumba mmoja. Katika Facebook na Instagram ndiye aamuaye kipi kitangulie machoni pako, na hutanguliza kile kitakachokukalisha, kwa kuwa muda wako ndio auzao kwa wenye matangazo. Hasira humkalisha mtu kuliko bei ya mahindi. Mhariri wa gazeti, hata akiwa mbaya, ana jina, nawe waweza kumwandikia barua.

Basi mama auzaye omena Busia akikuambia, “Watu wote wanasema hivi,” mwulize kwa adabu amewasikia wangapi, na ni nani aliyemletea hao.