Kijiti Kisichoteketea: Mahubiri ya John Newton katika Kifo cha William Cowper

Mwaka 1800, John Newton, mchungaji wa kanisa la St Mary Woolnoth jijini London, alipanda mimbarani kumhubiria rafiki yake William Cowper, aliyefariki tarehe 25 Aprili mwaka huo huko East Dereham, mashariki mwa Uingereza. Newton alikuwa mzee wa miaka 74. Somo alilolichagua ni Kutoka 3:2-3, habari ya kijiti kilichowaka moto wala kisiteketee. Mahubiri hayo yametufikia kwa njia ya maandishi ya msikilizaji aliyekuwa akiandika wakati mhubiri akinena, na kwa hiyo hayana mpangilio wa kitabu. Hata hivyo yastahili kusomwa na kila anayejiandaa kwa kazi ya uchungaji, kwa maana yanakabili swali ambalo mafundisho yetu ya kuhubiri hulipita upesi. Mhubiri aseme nini mbele ya jeneza la mtu mpendwa ambaye hadi mwisho aliamini kwamba Mungu amemtupa?

Cowper si mgeni kwetu, ingawa wengi hawamjui kwa jina. Wimbo wake juu ya chemchemi ya damu ya Imanueli umo katika Tenzi za Rohoni, nao huimbwa misibani mara nyingi. Mwimbishaji hana habari kwamba mtunzi wake alijaribu kujiua mwaka 1763, alipokabiliwa na mtihani wa kupewa kazi katika Bunge la nchi yake, na kwamba alipelekwa St Albans kutunzwa na daktari wa wagonjwa wa akili. Huko, mwaka 1764, alisoma Warumi 3:25 akapata amani. Mwaka 1767 alihamia Olney, ambako Newton alikuwa mchungaji, na urafiki wao ukaanza.

Amani ile haikudumu. Newton asimulia kwamba siku ya Mwaka Mpya 1773 Cowper alisikia mahubiri yake kwa mara ya mwisho, na alasiri wakanywa chai pamoja. Kesho yake dhoruba ikampiga. Katika ndoto ya mwezi uliofuata alisikia neno la hukumu, kwamba yeye amekwisha kupotea. Tangu hapo hakuingia tena kanisani kuabudu. Alipoulizwa, alinyoosha kidole kuelekea kanisa akasema kwamba Newton ajua faraja aliyoipata mle, na kwamba mpaka atakapoweza kurudi humo hatakwenda kwingine. Wakati wa dhoruba hiyo Newton alimpokea katika nyumba yake mwenyewe, akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka huohuo wa 1773 mgonjwa alijaribu tena kujiua, safari hii akidhani kwamba Mungu ameagiza ajitoe sadaka kama Ibrahimu alivyoagizwa kumtoa mwanawe. Leo madaktari wangeuita ugonjwa huo sonona kali. Newton hakuwa na jina hilo, ila alikuwa na kitanda cha ziada, na katika habari hii sioni kwamba jina lingemsaidia mgonjwa kuliko kitanda.

Basi tuyatazame mahubiri yenyewe. Jambo la kwanza la kusifiwa ni kwamba Newton hafichi. Anawaambia wasikilizaji wake waziwazi kwamba rafiki yake aliishi gizani miaka 27. Hatafuti neno laini la kufunika, wala hamgeuzi marehemu kuwa mtu mwingine. Jambo la pili ni uchaguzi wa somo, ambao kwa maoni yangu una hekima kuliko maelezo yanayofuata. Kijiti cha Horebu hakikuwa mti wa thamani. Hakikuokoka motoni kwa ubora wa kuni zake. Hakikuteketea kwa sababu Bwana alikuwako. Tena, aliyeiona ajabu ile ni Musa. Kuhusu kijiti chenyewe, Maandiko hayasemi neno. Mtu anayeungua aweza asijue kwamba hateketei. Aweza kusikia moto tu, na mwenzake aliyesimama kando ndiye akaona kile ambacho yeye hawezi kukiona.

Hapo Newton angeweza kusimama. Lakini anaendelea, na ndipo mlutheri anapoanza kusikia wasiwasi. Anataja jinsi Cowper alivyotembea karibu na Mungu kuliko karibu mtu yeyote aliyemfahamu, na jinsi alivyowatendea mema maskini wa Olney. Nayo ni kweli. Tena ni haki ya rafiki kuyasema. Ila katika muundo wa hoja, wema huo unaanza kufanya kazi ambayo si yake: unakuwa uthibitisho. Mhubiri ameanza na moto na Bwana aliye ndani yake, akaishia kupima ubora wa kuni. Na kama tegemeo letu ni wema wa Cowper, tutasema nini kwa mjane ambaye mumewe alikuwa mlevi, asiyewatendea mema maskini wala watoto wake, naye bado anampenda na kumlilia?

Kasoro hiyohiyo twaiona, tena kubwa zaidi, kwa John Johnson, kasisi na jamaa wa Cowper aliyemwuguza miaka yake ya mwisho. Johnson aliandika kwamba baada ya kifo uso wa marehemu ulionyesha utulivu uliochanganyika na mshangao mtakatifu. Jamaa na marafiki waliushika mshangao huo kama mtu anayezama ashikavyo ubao. Waandishi wa maisha ya Cowper wasimulia pia kwamba Johnson huyo alipitisha bomba ukutani karibu na kitanda cha mgonjwa, ili sauti za faraja zimfikie kana kwamba zatoka mbinguni. Alifanya hivyo kwa upendo, sina shaka. Lakini ni faraja ya kutengeneza, na haikumponya. Cowper alikufa bila kutamka neno la tumaini.

Wasomaji wa jarida hili hawatahitaji kwenda hadi Uingereza kulitafuta bomba la Johnson. Limo katika mazishi yetu. Linasikika katika historia ya marehemu inaposomwa mbele ya umati ambao nusu yake wajua kwamba si kweli. Linasikika pale ndugu wanapohimizwa watoe ushuhuda kwamba marehemu aliomba kabla ya kukata roho, au kwamba uso wake ulikuwa umetulia, nasi wachungaji tukaudaka ushuhuda huo na kuufanya msingi wa mahubiri. Upande wa pili wako wenzetu ambao, marehemu akiwa amejiua, au alikuwa ametengwa na ushirika, hukwepa kaburini kabisa na kumwacha mzee wa kanisa aombe kwa ufupi. Njia hizi mbili zaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Zote zatafuta ndani ya marehemu alama ya kuamua kama tumaini laruhusiwa. Moja yaitunga alama hiyo, nyingine yaikosa na kunyamaza.

Luther alikwisha kulijibu jambo hili, ingawa majibu yake hayasomwi sana pamoja. Mwaka 1519, katika mahubiri yake juu ya kujiandaa kufa, afundisha kwamba mtu asiitazame mauti ndani ya mauti, wala dhambi ndani ya wakosaji, wala jehanamu ndani ya waliopotea, bali avitazame vyote ndani ya Kristo aliyevishinda, akishikamana na sakramenti kama ishara iliyotolewa na Mungu mwenyewe. Yaani uthibitisho uko nje yetu. Cowper alipotazama ndani yake aliona hukumu, na hakukuwa na hoja ya Newton iliyoweza kuishinda, kwa kuwa wote wawili, kwa malezi ya imani waliyoyapokea, walizoea kuitafuta neema katika yale moyo unayoyasikia. Sisemi kwamba fundisho bora lingeponya maradhi yake. Fundisho si dawa ya ugonjwa wa akili, na mchungaji anayedhani hivyo ni wa hatari. Nasema tu kwamba lingewapa waliobaki mahali pengine pa kutazama kuliko uso wa maiti.

Tena mwaka 1532, mezani pake, Luther alisema kwamba hakubali kuwa wote wanaojiua wamepotea hakika. Aliwafananisha na msafiri anayeuawa na mnyang'anyi msituni. Akaongeza onyo kwamba neno hili lisitangazwe ovyo kwa watu wote, Shetani asije akapata nafasi. Onyo hilo lina uzito. Vijana wako kanisani, wanasikiliza, na mmoja wao huenda analibeba wazo hilo siku hiyohiyo. Ila onyo latuhusu namna ya kusema, wala halituruhusu kumwacha mama wa marehemu pasipo neno. Mfano wa msituni wampa mchungaji la kusema: kumlilia aliyevamiwa, kumtaja mnyang'anyi kuwa adui, na kumkabidhi aliyeanguka kwa yule ambaye jina lake alibatizwa kwalo. Pale ambapo ubatizo haupo, twamkabidhi kwa huruma ya Mungu, bila kuahidi tusichoagizwa kukiahidi. Wala Paulo katika 1 Wathesalonike 4:13 hakatazi kulia. Akataza kulia kwa namna ya wasio na tumaini, na tumaini analolitaja katika aya inayofuata ni kwamba Yesu alikufa na kufufuka.

Nimemkosoa Newton, lakini kwa haki yake sharti nitaje kazi nyingine aliyoifanya miaka mingi kabla ya mazishi. Yeye na Cowper walikuwa wamekusudia kutunga pamoja kitabu cha nyimbo kwa ajili ya usharika wao, kiwe kumbukumbu ya urafiki wao. Ugonjwa wa 1773 ukakatiza kazi. Newton aeleza katika dibaji kwamba alihuzunika hata akafikiri hataendelea bila mwenzake. Mwishowe aliendelea, na kitabu kikatoka mwaka 1779 kikiwa na nyimbo 348, nyingi zikiwa zake. Wakati huo Cowper alikuwa hai, jirani yake palepale Olney, akisadiki kwamba hana sehemu katika yale aliyoyatunga. Newton hakuziondoa nyimbo hizo, wala hakungoja mtunzi wake apone kwanza. Aliziweka mahali pake kati ya zile zake, na juu ya kila moja akatia herufi C. Usharika ukaendelea kuziimba kila juma katika kanisa ambalo mtunzi wake alilielekezea kidole tu.